Mto Unaovuliwa Kila Siku na Bado Una Samaki

Mtu wa Kisumu au wa Mombasa akiambiwa ya kuwa huko Uingereza kuna watu waondokao nyumbani alfajiri, wakalipa fedha ili waruhusiwe kuvua, wakakaa juu ya visanduku kando ya mto mchana kutwa, kisha jioni wakawarudisha majini samaki wote waliowapata na kwenda zao mikono mitupu, bila shaka atacheka. Ataona ya kuwa watu hao ama wana wazimu ama hawana kazi. Walakini watu wafanyao hivyo ni wengi sana, wala si wazimu. Wengi wao ni mafundi, madereva, makarani na wazee waliokwisha kustaafu, nao huingoja siku hiyo ya mapumziko kwa hamu juma zima.

Jambo la kustaajabisha si kwamba wanawarudisha samaki, bali ni kwamba mto wenyewe, ingawa unavuliwa na watu wengi namna hiyo mwaka baada ya mwaka, bado una samaki. Yafaa kujua sababu, maana iko mito mingine duniani, na mmojawapo uko Kenya, iliyovuliwa na watu wachache zaidi kuliko hao ikapoteza samaki wake waliokuwa mashuhuri.

MTO WENYEWE

Mto Trent huanza katika vilima vya Biddulph Moor, katika jimbo la Staffordshire, nao husafiri maili 185, yaani kilomita 298 hivi, mpaka kuungana na mto Ouse na kuwa mlango mpana wa bahari uitwao Humber. Katika safari hiyo hupita katika mji wa Stoke-on-Trent, ambao ni mashuhuri kwa vyombo vya udongo, kisha Burton, kisha Nottingham, kisha Newark. Mito mingine huingia ndani yake: Tame utokao upande wa Birmingham, Derwent upitao Derby, na Soar upitao Leicester. Chini kidogo ya Newark, mahali paitwapo Cromwell, kuna ukuta mkubwa uliojengwa kukingama mto, na kutoka hapo kwenda chini maji hupanda na kushuka kwa kufuata bahari.

Basi mto huu hauko porini. Unapita katikati ya miji mikubwa na viwanda, na mamilioni ya watu wanakaa karibu nao. Mtu anayetaka kuvua hana haja ya kusafiri siku nzima. Kwa sababu hiyo kingo zake, hasa kati ya Nottingham na Newark, huwa na wavuvi karibu kila siku ambayo sheria inaruhusu.

Waingereza hugawa samaki wao wa maji matamu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni samoni na trauti, samaki wanaosifiwa sana kwa kuliwa, ambao zamani walikuwa zaidi samaki wa mabwana wenye mashamba. Fungu la pili ni wale wengine wote, na hao ndio samaki wa watu wote. Kuna rochi, mwenye magamba ya rangi ya fedha na mapezi mekundu. Kuna brimu, aliye bapa na mpana kama sahani, ambaye hutembea kwa makundi. Kuna chabu, mwenye kinywa kikubwa, asiyekataa kitu, hata mkate. Kuna pachi, mwenye milia na miiba mgongoni, na paiki, mrefu mwenye meno makali, ambaye hula samaki wenzake. Na kuna barbeli, samaki wa maji yaendayo kwa nguvu, mwenye sharubu nne kinywani za kupapasia chakula chini ya mto. Huyu wa mwisho ndiye anayewavuta watu wengi kuja Trent siku hizi.

ALFAJIRI

Chukua mfano wa mzee mmoja, fundi wa mitambo aliyestaafu, atokaye nyumbani kwake Jumamosi moja ya mwezi wa Julai pamoja na mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka 12. Katika mwezi huo jua la Nottingham huchomoza yapata saa kumi na moja alfajiri, na halitui mpaka baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo siku ni ndefu.

Kabla ya kutupa ndoana, mzee lazima awe na vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha kuvulia kitolewacho na Environment Agency, ambayo ni idara ya Serikali inayotunza mito ya Uingereza. Mtu akikamatwa anavua bila cheti hicho aweza kutozwa faini ipatayo pauni 2,500. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hahitaji cheti, na kuanzia miaka 13 mpaka 16 hupewa bila malipo. Fedha za vyeti hutumiwa kwa kazi ya kutunza mito na samaki, kama vile kulipa walinzi na kuzalisha samaki wadogo wa kupandikizwa. Cha pili ni ruhusa ya mwenye ukingo. Huko Uingereza haki ya kuvua kwa kawaida ni mali ya mwenye ardhi iliyo kando ya mto, na vyama vya wavuvi hukodi au hununua haki hiyo, kisha huwapa wanachama wao nafasi ya kuvua, au huuza ruhusa ya siku moja kwa wageni.

Wanapofika, ijapokuwa kumekucha sasa hivi tu, wanakuta watu wamekwisha kukaa. Katika sehemu nyingi za ukingo vigingi vyenye namba vimepigwa, kimoja mbali kidogo na kingine, na kila mvuvi hukaa penye kigingi chake. Hakuna aruhusiwaye kujisogeza mpaka mahali pa jirani wala kutupa mshipi mbele ya mwenziwe. Siku za mashindano wavuvi hupewa nafasi zao kwa kupiga kura, maana kila mmoja anajua ya kuwa mahali pengine pana samaki kuliko pengine, na kura ndiyo inayozuia ugomvi. Kipenga hupigwa wote wakaanza pamoja, na mwisho samaki wa kila mtu hupimwa kwa mizani, kwa ratili na wakia, mbele ya mashahidi.

VYOMBO NA CHAMBO

Ufito anaoutumia mzee si wa mwanzi kama ilivyokuwa zamani, bali ni wa nyuzi ngumu za kaboni, mwepesi sana na mrefu kupita mara mbili kimo cha mtu. Penye shina la ufito kuna gurudumu dogo la kukunjia mshipi. Nottingham yenyewe ilikuwa na sifa kwa magurudumu hayo tangu karne ya 19, yalipokuwa yakichongwa kwa mti na mafundi wa hapo, nayo yalizunguka kwa wepesi hata mkondo wenyewe ukaweza kuuvuta mshipi. Kazi ya gurudumu hilo ndiyo siri ya uvuvi wa Trent: mvuvi hakitii chelezo chake nanga, bali hukiachia kiende na maji, taratibu, kana kwamba chambo kilicho chini yake hakikufungwa na kitu chochote.

Kwanza mzee hupima kina. Hutia chubwi nzito kwenye ndoana, akaishusha, akatazama chelezo, akakipandisha au kukishusha katika mshipi mpaka ajue ya kuwa chambo kitapita inchi moja au mbili tu juu ya changarawe. Hapo ndipo huondoa chubwi ile na kubana vidonge vidogo vya uzito katika mshipi. Vidonge hivyo si vya risasi. Zamani vilikuwa vya risasi, lakini iligunduliwa ya kuwa ndege wakubwa weupe wa majini waitwao swani walikuwa wakivimeza pamoja na mchanga, wakafa kwa sumu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1987 vidonge vya risasi vya ukubwa unaotumiwa na wavuvi wengi vimekatazwa, na mahali pake vimeshikwa na madini mengine yasiyo na sumu.

Chambo cha kawaida ni funza wa nzi, ambao hufugwa makusudi na kuuzwa madukani kwa kipimo. Wengine hutumia nyungunyungu, mkate, punje za mahindi matamu ya kopo, na kwa barbeli vipande vya nyama ya kopo. Lakini ustadi haumo katika chambo kilicho kwenye ndoana, bali katika kile kitupwacho bure. Mzee hutupa funza wachache, kadiri ya ncha za vidole vitatu, kila mara anapokiachia chelezo. Akitupa wengi mno, samaki watashiba. Akitupa wachache mno, wataondoka. Mjukuu hupewa kazi hiyo ya kutupa, naye hujifunza kuhesabu na kungoja.

SAMAKI WALIOELIMIKA

Saa za kwanza huwa njema. Chelezo kinazama, mzee anainua ufito, na rochi wa wakia nne au tano anakuja juu akimetameta. Anapokelewa kwa wavu wa mkono, anatolewa ndoana upesi, naye anatiwa katika wavu mrefu ulioshushwa majini kando ya kisanduku. Hata wavu huo una sheria yake: urefu wake haupungui mita 2, usiwe na mafundo, na matundu yake yasizidi milimita 25, ili samaki asikwaruzwe magamba wala kubanwa mashavu.

Jua likipanda mambo hubadilika. Watu wanapita na mbwa, mashua zinapanda na kushuka, waogeleaji wanapiga kelele, na chelezo kinapita mara 20, mara 30, bila kuguswa. Hapo mgeni husema mto hauna samaki. Mzee anajua kwamba wako palepale. Katika mto unaovuliwa kila siku samaki huelimika. Wengi wao wamekwisha kunaswa na kuachiliwa, na hukiogopa chakula kiendacho kwa namna isiyo ya kawaida, na mshipi mnene, na kivuli cha mtu. Kwa hiyo mzee hupunguza unene wa mshipi, huchukua ndoana ndogo zaidi, huweka funza mmoja badala ya wawili, na hukaa kimya. Subira yavuta heri.

Yapata saa saba mchana mlinzi wa mto anapita ukingoni. Anamwamkia mzee, anaomba kutazama cheti, anachungulia wavu, kisha anakwenda kwa mtu wa kigingi kifuatacho. Hakuna maneno makali. Watu wenyewe hupenda kumwona, kwa kuwa mlinzi asipopita ndipo mwizi anapokuja usiku na nyavu zake.

SWALI LA MTOTO

Alasiri mzee anampa mjukuu ufito wa pili, mfupi na wenye nguvu, ambao kwenye mshipi wake pamefungwa kikapu kidogo chenye matundu, kilichojazwa chakula kilichopondwa. Kikapu hicho hulala chini ya mkondo, na chakula hutoka kidogo kidogo kikawavuta samaki penye ndoana. Wanangoja karibu saa nzima. Ghafula ncha ya ufito inapinda mpaka majini, gurudumu linalia, na mtoto anasimama akipiga kelele. Ni barbeli. Samaki huyo hapigani juu ya maji, bali hujikaza chini, akaenda na mkondo, akarudi, akajificha nyuma ya mawe. Zinapita dakika nyingi kabla mzee hajaweza kumtia wavuni. Wanapompima, anafikia ratili sita na wakia mbili.

"Babu," mtoto anasema, "mbona tusimpeleke nyumbani, Bibi akatupikia?"

Mzee hamjibu mara moja. Kwanza anamshika samaki kwa mikono miwili ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, ili maji yapite mashavuni mwake. Barbeli hupigana mpaka nguvu zikamwisha kabisa, na akiachiliwa kabla hajapumzika huweza kupinduka akafa. Basi mzee anamshikilia, na huku anamwonyesha mtoto kovu dogo penye mdomo wa samaki.

"Mjukuu wangu, tazama hapa. Kuna mtu alimpata huyu kabla yako, akamrudisha. Kama angempeleka nyumbani, wewe leo ungepata nini?"

Samaki anatikisa mkia, anatoka mikononi, na anatoweka.

SHERIA ZISEMAVYO

Jibu la mzee lilikuwa la hisani, lakini hata kama angetaka kumchukua samaki huyo asingeweza, maana sheria inakataza. Tangu mwaka 2010 sheria ya mito ya Uingereza inasema ya kuwa mvuvi, akiwa na ruhusa ya mwenye ukingo, aweza kuchukua kwa siku moja samaki wadogo 15 tu wa jamii hizi, wasiozidi sentimita 20 kwa urefu, na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65. Wakubwa wote lazima warudi mtoni.

Watu wengi hudhani ya kuwa yafaa kuwaacha wadogo na kuwachukua wakubwa. Kwa samaki hawa sheria imefanya kinyume, tena kwa sababu. Samaki jike mkubwa hubeba mayai mengi kuliko mdogo, naye amekwisha kuponea hatari zote za utoto, yaani mafuriko, ndege na paiki. Barbeli hukua polepole, na mkubwa wa kusifiwa huenda akawa na umri unaozidi miaka 10. Akiuawa, haiwezekani kumpata mwingine wa kadiri yake mwaka ujao. Lakini katika maelfu ya vitoto vya samaki vya kila mwaka, wengi watakufa hata kama hakuna mvuvi.

Sheria ya pili ni ya majira. Kuanzia tarehe 15 Machi mpaka tarehe 15 Juni, siku zote hizo zikihesabiwa, ni marufuku kuwavua samaki hawa katika mito ya Uingereza. Huo ndio wakati wengi wao hutaga. Barbeli na chabu hukusanyika penye maji machache yaendayo mbio juu ya changarawe safi, wakiwa makundi makubwa, na mtu yeyote aweza kuwaona. Akili yao yote imo katika kazi hiyo, na mtu mwenye wavu angeweza kumaliza kizazi kizima katika usiku mmoja.

Sheria hii si mpya. Iliwekwa kwanza mwaka 1878, ilipopelekwa Bungeni na Bwana A. J. Mundella, Mjumbe wa Sheffield, mji wa mafundi wa chuma. Katika siku zile reli ilikuwa imewawezesha maelfu ya wafanya kazi wa Sheffield kusafiri siku ya mapumziko hadi mito ya mbali. Mito ilianza kupungukiwa, na kilio cha kutaka majira ya kufungwa kilitoka kwa wavuvi wenyewe wa tabaka ya kazi, si kwa mabwana wenye ardhi peke yao. Walijua ya kuwa wao ndio watakaopata hasara kwanza.

Na kabla ya hapo, mwaka 1215, Mfalme John alipolazimishwa na wakuu wake kutia muhuri Hati Kuu ya haki, moja katika ahadi zilizoandikwa humo ilikuwa kuondoa nyuzio zote za kutegea samaki katika mto Thames, na mto Medway, na katika Uingereza yote, ila pwani ya bahari. Sababu kubwa ilikuwa kufungua njia ya mashua, lakini neno lenyewe lilibaki: mto usizibwe na mmoja wakati wengi wanauhitaji.

MTO ULIPOKUFA

Hata hivyo, kuwazuia wavuvi peke yake hakutoshi. Katikati ya karne ya 20 sehemu za juu za mto Trent zilikuwa hazina samaki kabisa. Maji machafu ya Stoke-on-Trent, na taka za viwanda na vyoo zilizoletwa na mto Tame kutoka Birmingham na miji jirani, zilikuwa zimemaliza hewa iliyomo majini. Mahali Tame ulipoingia, Trent ulikuwa mto mfu kwa maili kadhaa. Hakukuwa na haja ya cheti wala ya majira, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuvua.

Kuanzia mwaka 1951, ilipopitishwa sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito, mambo yalianza kugeuka, ingawa polepole. Mitambo ya kusafisha taka ilijengwa na kupanuliwa, na katika mto Tame, huko Lea Marston, yalichimbwa maziwa ambamo maji hupungua mwendo na kuacha tope lake chini kabla ya kuendelea na safari. Samaki walirudi. Zamani hizo pia kando ya Trent kulikuwa na vituo vingi vya kufanyia umeme kwa makaa ya mawe, vilivyochukua maji ya mto kupozea mitambo na kuyarudisha yakiwa na joto, na rochi walikaa humo wengi sana. Vituo hivyo vimekwisha kufungwa kimoja kimoja, na cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mto umekuwa safi na wa baridi zaidi, na barbeli na chabu, wapendao maji safi yaendayo kwa nguvu, wameongezeka.

Lakini kazi ya miaka 50 yaweza kuharibika kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba 2009 sumu ya sianidi iliingia katika mifereji ya taka ya Stoke-on-Trent. Sumu hiyo iliua vijidudu visafishavyo taka katika mtambo, na taka zikapita mpaka mtoni bila kusafishwa. Maelfu ya samaki walikufa. Miongoni mwa waliopiga kelele za kwanza kila mara mambo kama haya yatokeapo ni wavuvi, kwa kuwa hao ndio watu wakaao kando ya mto siku zote na macho yao majini.

HABARI YA NINGU

Hapa msomaji wa Kenya aweza kusema: Mwingereza humrudisha samaki kwa sababu anakwenda kununua chakula chake dukani, lakini mvuvi wa Nyanza ana watoto wanaongoja kula. Neno hilo ni la haki. Hakuna mtu mwenye busara atakayemwambia mtu mwenye njaa amwachilie samaki wake. Lakini sheria za Trent hazisimami juu ya kurudisha samaki tu. Zasimama pia juu ya kuwaacha wanaotaga, na sheria hiyo yawahusu hata wale wavuao ili wale.

Katika Ziwa Victoria kuna samaki aitwaye ningu, na mwingine aitwaye fwani. Wote wawili ni wa jamii moja na barbeli wa Trent. Ningu hukaa ziwani, lakini mvua zinapoanza na mito kufurika, hupanda Nzoia, na Yala, na mito mingine ya upande huo, ili kutaga. Zamani watu wa kando ya mito waliwatega kwa nyuzio na vikapu, wakala na kuuza, na mwaka uliofuata ningu walipanda tena. Ningu alikuwa mmoja wa samaki wenye thamani kubwa katika mito ile.

Kisha zikaja nyavu za kunasia mashavu, zikawa nyingi, na watu wakatambua ya kuwa hakuna mahali pepesi pa kupata ningu kama mdomoni mwa mto katika siku za mvua, maana samaki wote lazima wapite hapo. Nyavu zikatandwa. Majike walinaswa wakiwa na mayai tumboni, kabla hawajataga hata moja. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu wa samaki waliandika ya kuwa uvuvi wa ningu katika mto Nzoia ulikuwa umeanguka vibaya. Nyuzio na vikapu vya zamani navyo vilianza kuachwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutega. Waliopata hasara hawakuwa wale waliotanda nyavu peke yao, bali vijiji vyote vya juu ya mto ambavyo havikutanda hata wavu mmoja. Ndivyo wasemavyo wazee: mchuma janga hula na wa kwao.

Jambo hilo halikusahauliwa. Katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria uvuvi wa omena umekuwa ukifungwa katika majira ya kuzaana, kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Julai, na kamati za wavuvi za ufukoni zimepewa kazi ya kusaidia kulinda sheria. Kila mwaka majira hayo huleta taabu nyumbani kwa watu, na kila mwaka wako walalamikao. Malalamiko kama hayo yalisikika pia Uingereza baada ya mwaka 1878, wafanya kazi wa mijini walipoambiwa wasivue kwa miezi mitatu ya mwaka.

Huko Trent, saa mbili za usiku, jua lingali juu ya miti. Mzee anauinua wavu wake, anawahesabu rochi 23, anawaonyesha jirani wa kigingi cha pili, kisha anauinamisha na wote wanakwenda. Mjukuu anaokota kipande cha mshipi kilichokatika na kukitia mfukoni, maana ndege hunaswa nacho miguu. Wanafunga vyombo vyao na kuondoka. Kesho, Jumapili, kabla jua halijachomoza, mtu mwingine atakaa penye kigingi kile kile.